Ukisema "Ni Kweli" Kizimbani, Umesema Nini?

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi hapa Busia, upande wa Uganda, mbele ya madereva wa malori, waendesha boda boda na familia zilizofiwa barabarani. Wengi walikuwa safarini wakaniomba maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nikapunguza salamu tu.

Ndugu zangu, hamjambo? Sijawasikia. Hamjambo?

Madereva mlioacha malori kwenye foleni ya mpakani mkaja kunisikiliza, asanteni sana. Vijana wa boda boda, najua kila dakika mnayokaa hapa ni abiria mnayemkosa. Na akina mama mliokaa pale chini ya mwembe, ninyi ambao barabara hii imewachukulia mtu, ninyi ndio niliowafikiria zaidi usiku nilipokuwa nikipanga maneno haya.

Mimi nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama. Miaka 23 nimesimama kati ya hakimu na mshtakiwa, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, Kiswahili kuwa Kiingereza, na siku nyingine nikiongeza Kisamia. Mkalimani haulizwi anaonaje. Anabeba maneno ya wengine, jioni anafunga jalada anaenda nyumbani. Lakini maneno mengine hayakubali kufungwa ndani ya jalada. Unayapeleka nyumbani, unakula nayo, unalala nayo. Leo mmeniomba niyaseme, nami nitayasema.

Nianze na swali. Mtu akikamatwa ameiba kuku, tunasema ana kesi. Akikamatwa anaendesha lori ambalo breki zake hazishiki, tunasema nini? Tunasema amepigwa faini. Yule wa kuku tunamwona mhalifu. Yule wa breki tunamwona mtu mwenye bahati mbaya asubuhi hiyo. Nani aliyetufundisha hivyo?

Kesi ya barabarani ni kesi ya jinai. Narudia: kesi ya barabarani ni kesi ya jinai. Inafunguliwa kwa hati ya mashtaka kama ya wizi. Unasimama kizimba kile kile alichosimama mwizi wa jana. Ukitiwa hatiani, kuna rekodi, na rekodi ile itakufuata siku utakapoomba kazi kwa tajiri mwingine. Mahakama inaweza kukutoza faini, kukufunga, kukusimamisha usiendeshe, au kuagiza leseni yako, pamiti kama tunavyoiita hapa, ifutwe. Na upande wa pili wa jambo hilo hilo: kwa kuwa ni jinai, una haki zote za mshtakiwa wa jinai. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 28, inasema hujawa na hatia mpaka ithibitishwe au ukiri mwenyewe. Ibara ya 23 inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiwa. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kuachiwa kituoni, ni bure. Najua wengine mnaguna, lakini sheria ndiyo hiyo: bondi ya polisi ni bure.

Kinachotuchanganya ni tiketi. Tangu mwaka 2004 tuna utaratibu wa faini ya papo hapo. Askari anakuandikia kosa, unakwenda kulipa benki ndani ya siku 28, yameisha. Utaratibu huo una faida yake, maana bila huo mahakama zingezama. Hakimu mmoja hawezi kusikiliza kila pikipiki isiyo na kioo. Lakini tiketi imetufundisha tabia mbaya, tabia ya kuamini kwamba kila kosa lina bei na ukishalipa bei umemalizana nalo. Mnakumbuka mwaka 2025 kamera zilipoanza kutoa faini zenyewe? Kelele zilipanda mpaka Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikausimamisha mfumo ule mwezi Juni. Malalamiko mengi yalikuwa ya haki. Lakini nilisikiliza redio siku zile nikasikia watu wakizungumzia pesa tu. Pesa, pesa, pesa. Na wengi hawakujua kwamba tiketi ya askari si hukumu. Ukiona umeonewa, una haki ya kutokubali na kwenda kujitetea mbele ya hakimu. Anayelipa amekubali kosa. Anayekataa anashtakiwa, na aliyeandika tiketi ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Hayo ni ya makosa madogo. Sasa tuingie kwenye yale yaliyotuleta hapa.

Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliokufa kwenye barabara za Uganda. Ya mwaka 2024 ikahesabu 5,144. Gawanya kwa siku za mwaka: watu kama kumi na wanne kila siku. Jana walikufa, leo tukikaa hapa wanakufa. Na kwa kila ajali kama hizo ambazo dereva yuko hai na amepatikana, jalada linapaswa kufunguliwa, na siku moja mtu atasimama kizimbani asomewe maneno kwa Kiingereza.

Hapo ndipo nataka tukae. Hapo ndipo kesi nyingi za barabarani huamuliwa, kabla shahidi hata mmoja hajaapa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa mzee mmoja, dereva wa pikapu. Alikuwa amemgonga mwanamke aliyetoka sokoni, na mwanamke akafa hospitali baada ya siku mbili. Hati ikasomwa: kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Nikamtafsiria. Nikamwuliza, "Ni kweli au si kweli?" Yule mzee akazungumza kwa muda, kwa sauti ya chini, huku akiangalia vidole vyake. Alisema, "Ni kweli, mama yule amekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nashika usukani, na tangu siku ile silali." Mimi nilikuwa kijana, ratiba ya siku ilikuwa ndefu, hakimu alikuwa ameshika kalamu akisubiri. Nikafupisha. Nikasema kwa Kiingereza maneno matatu tu, kwamba anasema ni kweli. Hakimu akaandika kwamba amekiri. Maelezo ya kesi yakasomwa harakaharaka, mzee akatikisa kichwa kwenye kila sentensi kama mtu aliye msibani. Akafungwa.

Ndugu zangu, yule mzee alikiri nini? Alikiri kwamba mtu amekufa. Alikiri kwamba yeye ndiye alikuwa dereva. Alikiri kwamba ana huzuni. Je, alikiri kwamba aliendesha kwa hatari? Hakuna aliyemwuliza hilo kwa lugha anayoielewa. Mimi niliyelipwa kumwuliza sikumwuliza. Nimelibeba jambo hilo mpaka nimestaafu, na ninalisema mbele yenu ili lisimkute mwingine.

Sheria haikuwa imelala. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ile tuliyokuwa nayo pamoja sisi, Wakenya na Watanzania, iliamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama zetu zinaifuata mpaka leo. Iliweka hatua. Hati isomwe, na kila kipengele cha kosa kielezwe, kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe, ikiwezekana kwa maneno yake mwenyewe. Kama anaonekana kukiri, mwendesha mashtaka aeleze ukweli wa tukio. Kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kusema kama anakubaliana na maelezo hayo, kuyapinga, au kuongeza jambo. Akipinga jambo la msingi, hakimu aandike kwamba amekana, na kesi isikilizwe. Na Katiba inasema kama huelewi lugha ya mahakama utapewa mkalimani bila kulipa hata shilingi.

Miaka mingi baadaye akaletwa kijana wa pwani ya Kenya, dereva wa lori. Alimgonga mtu wa baiskeli jua likizama, njia ile ya msitu wa Busitema mnayoijua wote. Nikamsomea. Akasema, "Ni kweli, niligonga, siwezi kumkana marehemu." Moyo wangu ukaruka, nikamwona yule mzee wa pikapu. Safari hii nilitafsiri kila neno. Mwendesha mashtaka akaanza kueleza kwamba mshtakiwa alikuwa akilipita gari jingine kwenye kona. Kijana akainua mkono kama mwanafunzi. "La, mheshimiwa. Sikupita gari lolote. Nilikuwa upande wangu." Kalamu ya hakimu ikasimama. Akafuta, akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Kesi ikaenda miezi mingi, kijana akahangaika kupata wadhamini maana hapa hakuwa na shangazi wala mjomba, lakini mwisho alama za matairi zilionekana ziko upande wake. Aliachiwa.

Kijana mmoja aliachiwa kwa sababu aliinua mkono. Mzee mmoja alifungwa kwa sababu alitikisa kichwa.

Kwa hiyo nawaomba, siku ukisomewa mashtaka, usijibu ajali. Jibu kosa. Ukiulizwa kama ni kweli uliendesha kwa hatari, fikiria neno "hatari". Kama uliendesha kwa hatari, ulikuwa umekunywa, ulikuwa unashindana na basi lingine kugombea abiria, basi kiri, na kukiri kwako mapema kutahesabiwa kwa faida yako. Sikuja hapa kuwafundisha kukwepa. Lakini kama hujaelewa, sema, "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nielezwe kwa Kiswahili." Hakuna hakimu atakayekufunga kwa kusema hivyo. Kumbuka pia kwamba aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kusema hana hatia, isipokuwa apinge jinsi alivyokirishwa au adhabu aliyopewa. Mlango unajifunga nyuma yako. Na rufaa yoyote kutoka kwa hakimu wa daraja la kwanza kwenda Mahakama Kuu, ilani yake inatakiwa ndani ya siku 14. Siku 14, kuanzia siku ya uamuzi.

Ushahidi nitaupita haraka, ila kuna karatasi moja ambayo siwezi kuiruka: mchoro wa eneo la ajali. Nimeona kesi nzima ikisimama au kuanguka juu ya karatasi hiyo. Mpelelezi anachora barabara, anaweka alama mahali magari yalipogongana, anapima hatua kutoka ukingoni. Kuna kesi moja ambayo magari yalikuwa yameondolewa kabla ya kupimwa, wenyeji walikwisha fagia vioo, na mchoro ukachorwa kesho yake kwa kuonyeshwa na mwenye duka ambaye hakuitwa kutoa ushahidi. Hakimu aliuliza mahali pa kugongana palijulikanaje. Kimya. Mshtakiwa aliondoka huru, na mimi nilimtazama mjane wa marehemu akikunja kitambaa chake taratibu, kana kwamba hajasikia. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, na unatakiwa uthibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana. Ajali peke yake si uthibitisho wa kosa. Kwa hiyo dereva, ukionyeshwa mchoro usiokubaliana nao, sema hukubaliani kabla hujaweka sahihi. Ninyi wa boda boda ambao kila mmoja ana simu yenye kamera mfukoni, mkifika kwenye ajali, baada ya kumsaidia majeruhi, pigeni picha ya matairi, ya vioo, ya barabara. Acheni kupiga picha za maiti. Picha ya alama ya breki inaweza kumsaidia marehemu kuliko picha ya uso wake.

Na mkaguzi wa magari atakuja naye na ripoti yake kuhusu breki na usukani. Matajiri wenye magari, kama mpo hapa, sikilizeni. Ukimpa dereva gari bovu, ukamwambia "nenda hivyo hivyo, tutatengeneza wiki ijayo", sheria ya usalama barabarani haikuachi nyumbani ukinywa chai. Mwenye gari anayeruhusu gari bovu au lisilo na bima ya mtu wa tatu liende barabarani naye ana kosa lake. Nimeona madereva wengi wakisimama kizimbani peke yao kwa breki ambazo walikwisha kuzilalamikia. Hilo linaniuma.

Tuje kwenye adhabu.

Ukisoma sheria zetu hutaona shilingi, utaona pointi. Pointi moja ni shilingi 20,000. Ukisikia pointi kumi, ni 200,000. Ukisikia thelathini, ni 600,000. Hakimu wa daraja la kwanza anaweza kufunga mtu mpaka miaka kumi, lakini lazima abaki ndani ya mipaka ya kosa lenyewe. Ndani ya mipaka hiyo ana nafasi ya kuamua, na hapo ndipo watu hulalamika: mbona huyu kapewa hivi na yule kapewa vile?

Asubuhi moja walihukumiwa watu wawili. Wote walimgonga mtoto, kila mmoja kwa siku yake na mahali pake. Watoto wote wawili walivunjika miguu, na wote wawili wakapona. Wa kwanza, dereva wa teksi, alikimbia. Alipatikana baada ya wiki kwa sababu ya kioo cha taa kilichobaki barabarani. Wa pili, kijana wa boda boda, alimpakia mtoto kwenye pikipiki ya mwenzake, akamfikisha hospitali, akakaa pale mpaka baba wa mtoto akafika, akapigwa makofi mawili na yule baba, akavumilia. Kisha akajipeleka polisi. Siku ya hukumu alikuja na bahasha ya risiti: dawa, plasta, picha za mfupa, hata risiti ya maziwa. Wa kwanza alifungwa. Wa pili alitozwa faini ndogo na kuagizwa kuendelea na matibabu ya mtoto.

Watu nje walisema kijana alikuwa na mtu ndani. Hakuwa na mtu. Alikuwa na risiti.

Mwongozo wa adhabu wa mwaka 2013 unamtaka hakimu apime yanayozidisha uzito wa kosa na yanayoupunguza. Ulevi unazidisha. Kukimbia kunazidisha. Kurudia kosa kunazidisha. Kujuta kwa vitendo kunapunguza, kukiri mapema kunapunguza, kuwa ni mara ya kwanza kunapunguza. Muda uliokaa rumande Katiba inataka uzingatiwe. Lakini hakimu hawezi kupima asichoambiwa. Mwendesha mashtaka akimaliza, hakimu anakugeukia: una la kusema kabla sijatoa adhabu? Na wewe unasema nini? Miaka 23 nimesikia sentensi moja: "Naomba mahakama inihurumie, nina watoto saba." Nimeitafsiri mpaka naweza kuitafsiri usingizini. Watoto saba ni kweli, na ni mzigo. Lakini marehemu naye alikuwa na watoto. Sema ulichofanya baada ya ajali. Toa risiti. Sema umekaa rumande siku ngapi. Sema kama unaweza kulipa faini, na kama huwezi, sema huwezi.

Naomba nisimame kidogo hapo, maana hapo ndipo naona mahakama zetu zinakosea, na nalisema kwa heshima kwa mahakimu niliowatumikia.

Faini ile ile si adhabu ile ile. Wanaume wawili wakitozwa 600,000 au kifungo, mmoja ana tajiri, karani wa tajiri anafika saa sita mchana na risiti ya benki, dereva anarudi barabarani kabla chakula hakijapoa. Mwingine ni wa boda boda ya kukodi. Ndugu zake wanazunguka mjini na kofia wakichangisha, saa kumi na moja lori la magereza linakuja, anapanda. Mahakama ilisema faini. Kilichotokea ni kifungo. Je, hiyo ni haki moja?

Na dawa ipo, ipo kwenye vitabu tangu mwaka 2000. Sheria ya Huduma kwa Jamii inasema kwa makosa madogo, yale ambayo kifungo chake hakizidi miaka miwili, hakimu anaweza kumpa mtu kazi ya jamii badala ya gereza, isiyozidi miezi sita, isiyozidi saa nane kwa siku, na mtu mwenyewe aulizwe kama anakubali. Fikirieni kijana aliyeendesha bila leseni, akafyeka nyasi za zahanati au kuchimba mitaro ya shule, jioni akarudi kwa mkewe. Nimeiona ikitumika, na nimeiona ikisahaulika siku nyingi zaidi. Kwa hiyo usisubiri ikumbukwe. Simama useme, "Mheshimiwa, naomba huduma kwa jamii." Yule wa chini ya miaka 18 aseme umri wake mapema, kwa sababu mtoto ana mahakama yake na hapaswi kufungwa na watu wazima.

Kwa upande mwingine, pale mtu amekufa kwa ulevi wa dereva, aliyekuwa akijua kabisa kwamba Kawunyemu, askari wanaopima madereva ulevi, wako barabarani na bado akaamua kuendesha, faini peke yake naiona nyepesi. Nilikuwa nikiisoma hukumu kwa Kiswahili huku nikiona nyuso za ndugu. Mama mmoja aliniuliza kwa mdomo bila sauti: "Basi?" Sikuwa na jibu. Hakuna kiasi nilichoweza kukitafsiri kikawa sawa na mwanawe.

Sasa nageukia mwembe. Akina mama.

Alikuja mama mmoja kwenye dirisha la ofisi yetu, miaka miwili baada ya mwanawe kufa. Alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Akaniuliza, "Mwanangu, ile kesi imefika wapi?" Nilifungua daftari. Nikapita kidole mpaka kwenye namba. Pembeni palikuwa pameandikwa kwamba kesi imefutwa kwa kukosa mashahidi. Nikamwuliza, "Mama, hukuitwa?" Akafungua ile karatasi. Ilikuwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Mwenye gari alikuwa amenunua jeneza, ametoa mahindi na mchele wa msibani, na pesa kidogo. Chini pameandikwa kwamba familia haina tena neno na dereva. Ameweka dole gumba. Hati ya kuitwa shahidi ilipofika kijijini, walimwambia, "Mambo yalikwisha." Naye akaamini.

Je, yalikwisha? Ndugu zangu, LC haina mamlaka ya kumaliza kifo cha barabarani. Mahakama za LC zina kazi zake, madeni madogo na magomvi ya kimila, na zinafanya kazi nzuri. Lakini kesi ya mtu aliyekufa barabarani iko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na familia haiwezi kuifuta kwa dole gumba. Isipokuwa kwamba familia inaweza kuiua kwa njia nyingine, kwa kutokwenda kutoa ushahidi. Na wenye magari wanajua hilo.

Jeneza lipokeeni. Mchele wa msibani upokeeni. Mtu akija kuomba radhi mpeni kiti, sisi ni watu. Lakini kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, ombeni mtu anayejua kusoma, asiye upande wa mwenye gari, awasomee neno kwa neno. Na hati ya mahakama ikija, nendeni. Msiposikika ninyi, marehemu hana sauti nyingine.

Tena mkienda, ombeni fidia. Wengi hawajui kwamba hakimu akimtia mtu hatiani anaweza, juu ya adhabu, kuagiza alipe fidia kwa aliyeumia au aliyepata hasara. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamruhusu, na ibara ya 126 ya Katiba inataka walioonewa wafidiwe ipasavyo. Lakini hakimu atatoa fidia ya kiasi gani kama hajui mlitumia nini? Wekeni risiti za hospitali, za gari la kubebea mwili, za dawa. Mwambieni mwendesha mashtaka kabla ya siku ya hukumu kwamba mnaomba fidia. Msisubiri mpaka korido imejaa watu na hakimu amekwisha inuka.

Yule mama alikunja karatasi yake mara nne tena, akaiweka kifuani, akanishukuru. Alinishukuru! Nilirudi kwenye kiti changu nikashindwa kuandika.

Nimezungumza sana, jua limehama. Nina ombi moja tu kabla ya maswali. Katiba inasema kesi isikilizwe hadharani, maana yake mlango wa mahakama uko wazi kwako hata kama huna kesi. Jumatatu saa tatu asubuhi kuna kesi za barabarani zitatajwa. Mwenyekiti wa stendi, tafadhali chagua vijana watano waje wakae kwenye mabenchi wasikilize jinsi mtu anavyosomewa mashtaka, kabla hawajasomewa wao. Akina mama wawili au watatu waje pia. Simu zizimwe, kofia zivuliwe. Mimi nitakuwa benchi la nyuma upande wa dirisha, na atakayeshindwa kufuata Kiingereza akae karibu nami, nitamnong'onezea.